Kuitia Dyna kuukuu injini ya Isuzu 4BD1

Dyna ya mzee mmoja wa Mtambile ililetwa gereji kwangu, Chake Chake, Pemba, ikivutwa kwa kamba. Ni Toyota ya zamani ya aina ya BU, lori dogo lenye injini ya dizeli ya 3B. Msimu wa karafuu hubeba makonyo (vijiti vya karafuu) kupeleka kiwanda cha mafuta ya karafuu Wawi, na msimu ukiisha hubeba mchanga na matofali. Bloku imepasuka ubavuni, lakini chasi nzima, bodi ya mbao nzima, difu (gia za ekseli ya nyuma) haina kelele. Mzee akaniambia, "Mwanangu, gari hii imenisomeshea watoto. Usinambie niiuze chuma chakavu."

3B ya kuaminika hatukuipata. Tuliyoipata ni 4BD1 iliyotoka kwenye lori la Isuzu Elf. Kazi ya namna hii nimeshaifanya mara kadhaa, na naona mafundi wengi wanaikosea pahala pamoja: wanang'oa kabla ya kupima.

Lakini kabla hata ya kupima kuna kununua. Nunua injini pamoja na geaboksi yake. Gari ya mwanzo niliyoibadilisha injini niliibakishia geaboksi ya zamani, nikachongesha sahani ya chuma ya kuunganisha belihauzi (ganda la mbele la geaboksi) na bloku. Ilitoka imekwenda upande, pungufu ya milimita moja, jicho halioni. Wiki ya tatu, gari ikiwa na shehena, beringi ya shafti ya mbele ya geaboksi ikasagika njiani, na mwenye gari akaukosa msimu uliobaki. Kranki na shafti ya geaboksi lazima zizunguke kwenye mstari mmoja, na mimi sina mashine ya kuchonga kwa usahihi huo. Isuzu na geaboksi ya Isuzu zimeshalinganishwa kiwandani. Ugumu unauhamishia kwenye propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, na propela fundi wa kukereza anaiweza.

Dukani, kama kule Gerezani Dar es Salaam, usiridhike na rangi mpya. Zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikikwama, achana nayo. Sukuma na kuvuta puli ya mbele: ikicheza mbele na nyuma ukaiona kwa macho, beringi za msukumo zimekwisha. Vuta kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Hakikisha stata ipo, na alteneta ipo ikiwa na pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa) mgongoni. Pampu hiyo nitairudia. Kabla ya kupakia chomboni ziba kila tundu kwa kitambaa na nailoni, hasa mdomo wa hewa na paipu za dizeli, maana maji ya chumvi yakiingia silinda umenunua jiwe.

Mwambie pia mwenye gari anachokipata. 3B ni lita 3.4, na 4BD1 ni lita 3.9 kasoro kidogo. Inavuta kwa nguvu ikiwa chini na haipendi kuzungushwa mbio. Kwa difu ile ile milima itapandwa vizuri zaidi, ila mwendo wa juu utapungua. Kwa vilima vya Pemba hiyo ni biashara nzuri, lakini aisikie mapema.

Sasa vipimo. Gari isimame sakafu sawa, kwa magurudumu yake yenyewe, injini ya zamani ikiwa bado ndani. Chukua timazi ya mwashi. Iteremshe kutoka katikati ya puli ya mbele, kisha kutoka katikati ya flanji ya geaboksi (sahani inayofungiwa propela), utie alama sakafuni. Unganisha alama mbili kwa uzi wenye chokaa. Mstari huo ndio utakaolaza injini mpya. Pima na kimo cha kila ncha kutoka juu ya chasi.

Halafu mwinamo. Bandika rula ya chuma ya sentimita 30 wima usoni mwa flanji ya geaboksi, ushushe uzi wa timazi pembeni yake. Uzi utagusa juu na kuacha nafasi chini. Nenda kwenye flanji ya difu ufanye vivyo hivyo. Huko utagusa chini na kuacha nafasi juu. Nafasi hizo mbili zinatakiwa zilingane. Mwinamo wa nyuzi 3 kwa rula hiyo ni kama milimita 16. Injini mpya ikikaa, rudia kipimo hiki kabla ya kuchomelea chochote. Zikipishana sana, gari itatetemeka kwenye mwendo na jointi za propela hazitadumu.

Kipimo cha mwisho ni cha sampu, bakuli la oili chini ya injini. Pima kutoka ekseli ya mbele hadi kwenye mpira wa kizuizi wa chasi. Nafasi kati ya sampu na ekseli iwe kubwa kuliko hiyo. Ikiwa ndogo, siku gari ikitumbukia shimoni na mzigo, ekseli itaipasua sampu.

Kunyanyua tulitumia cheni bloku na mihimili mitatu ya chuma iliyofungwa kileleni. Injini na geaboksi inakaribia kilo 400, kwa hiyo mtu asipite chini yake hata kuokota spana.

Maunti, yaani vishikio vya injini, tulizitengeneza kwa chuma cha milimita 10, tukatumia mipira ya Elf. Zifunge kwa bolti kwenye ubavu wa chasi. Usichomelee wala usitoboe kwenye ukingo wa juu au wa chini; hapo ndipo chasi inapobeba mzigo, na ufa huanzia hapo. Betri na alteneta vifungue waya kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Propela ya mbele tulichukua ncha ya Isuzu, kwa kuwa matundu ya flanji hayafanani na ya Toyota, ikaunganishwa na kipande cha Dyna kwenye mashine ya kukereza. Tia alama kabla ya kukata, ili uma za jointi za ncha mbili zirudi kwenye mstari mmoja. Senta beringi, inayoshika propela katikati, ikae kimo ambacho kipande cha mbele kinafuata mstari wa geaboksi.

Nairudia pampu ya vakyumu. Dizeli hizi hazivuti vakyumu kwenye manifoldi kama petroli; buster ya breki, inayosaidia mguu wa dereva, inategemea pampu iliyo mgongoni mwa alteneta. Ina paipu ya vakyumu, ya oili inayoingia na ya oili inayorudi kwenye sampu. Nimeletewa gari iliyofungwa alteneta ya kuokoteza isiyo na pampu, dereva analalamika pedali ngumu kama jiwe, na alikuwa anashuka nayo kwenda bandarini Mkoani kila siku. Ukimaliza, jaribu hivi: injini imezimwa, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, ibakize mguuni, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, breki inasaidiwa. Isipozama, gari isitoke gereji.

Umeme hakikisha volti tu: stata, alteneta na kizimio cha injini vyote viwe 24 au vyote viwe 12. Rejeta tulitia ya Elf. Ya 3B ingechemka mlimani.

Kabla ya kuwasha, rekebisha nafasi za valvu, milimita 0.40 kwa zote, injini ikiwa baridi. Toa upepo: legeza skrubu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Legeza nati za paipu kwenye nozeli, piga stata mpaka zitoe dizeli, kaza moja moja. Na mtu asimame na kipande cha ubao tayari kuziba mdomo wa hewa. Pampu ya dizeli ikikwama gesi ikiwa wazi, ufunguo hautaizima; ubao utaizima. Asitumie kiganja.

Ya mzee iliwaka stata ya tatu. Tuliiacha dakika 20, tukikagua oili na maji, kisha tukaipeleka Mkoani na mchanga nusu bodi, tukashuka mpaka gatini na kupanda tena, jicho kwenye geji ya joto. Sindano haikupita katikati.

Baada ya kilomita 500 mwaga oili, badili filta, kaza upya bolti za maunti na za propela. Na nambari mpya ya injini ikaandikwe kwenye kadi ya gari kabla mzigo wa kwanza haujapakiwa, risiti ya ununuzi ikiwa mkononi.