Fuateni ng'ombe walikokwenda: namna ya kuelimisha watu kijijini kuhusu mahari

Mimi niliozwa mwaka 1991, hapa hapa Chamwino, mkoani Dodoma, kwa ng'ombe 11 na mbuzi 6. Mwaka wa tatu nikarudi kwa baba usiku, mtoto mgongoni, jicho moja limevimba halifunguki. Baba alinipa maji na uji wa uwele. Alfajiri akanirudisha mwenyewe kwa mume wangu, tukatembea njia nzima bila kusemeshana. Ng'ombe 7 katika wale wangu walikuwa wameshatumika kumwolea kaka yangu, na waliobaki waliuzwa mnadani mwaka wa njaa. Hakuwa na cha kurudisha.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuelimisha watu juu ya mahari, anzia kwenye ng'ombe. Ukisimama kwenye mkutano wa kijiji ukatamka "mila potofu", wazee watakunja vigoda vyao na mkutano umekwisha. Wengi wao hawajioni kama wauza mabinti. Wanajiona wameunganisha koo mbili, na wana sehemu yao ya ukweli.

Kabla ya mkutano wowote, pita nyumba kwa nyumba kwa watu wachache: mshenga anayeaminika, mama aliyeoza mabinti, na mjomba mmoja au wawili, maana kwetu Wagogo mjomba naye ana fungu lake. Wasalimie sawasawa, mbukwenyi, kaa, kula mlenda wao. Waulize kwanza mahari iliwasaidia nini. Sikiliza mpaka mwisho.

Siku ya kukutana, beba ungo na punje za mahindi. Usichukue mtama, punje zake ni ndogo na wazee hawazioni vizuri. Mwombe mzee mmoja akubali mapema kueleza ndoa ya zamani ya ukoo wake mwenyewe. Usiguse kamwe ndoa ya mtu aliyekaa hapo na hakuombwa. Kila punje ni ng'ombe mmoja. Zihesabu kwa sauti mkiziweka kwenye ungo, kisha uliza moja moja: huyu alikwenda kwa nani? Huyu? Anayejibu achukue punje, ampe mtu aliyekaa upande huo wa ukoo. Huyu kwa mjomba, huyu kwa baba mkubwa, hawa wanne wakamwolea kaka mke. Ungo ukibaki mtupu, uliza swali moja tu: binti huyu angerudi usiku amepigwa, mngerudisha nini? Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, lakini usiwajibie.

Kijiji kimoja njia ya Mvumi, mzee aliyepokea punje nne alizishika kiganjani muda mrefu. Akasema, "Hawa ndio waliomleta mama wa watoto wangu. Dada yangu alifia huko huko." Hakuna hotuba yangu iliyowahi kufika hapo.

Sasa ndipo ulete sheria, tena kwa kifupi. Mpe kijana anayesoma vizuri nakala ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 asome vifungu vitatu. Cha 41: ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa. Cha 66: hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata mila iseme nini. Cha 68: mjane yuko huru kuishi anakotaka, kuolewa tena au kutoolewa. Watu hushangaa kuwa maneno haya yana zaidi ya miaka 50. Akiuliza mtu kama kuna nchi iliyokataa mahari kurudishwa, mtajie Uganda: Mahakama ya Juu yao iliamua hivyo mwaka 2015.

Upande wa Kondoa, kwenye Waislamu wengi, mwombe shehe aseme mwenyewe kwamba mahari ni haki ya bibi harusi, si ya baba yake. Kisha waulize akina mama: yako iko wapi? Hapo utasikia mengi.

Chagua majira. Januari hadi Machi ghala zinakuwa tupu, na hapo ndipo binti wa darasa la saba anapoanza kuonekana kama magunia ya mahindi. Nenda kabla, Oktoba au Novemba, watu wakiwa bado na chakula. Na useme wazi kwamba anayemuoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Jiandae pia kwa mwanamke atakayekufuata mkutano ukiisha, ajifanye anakusaidia kubeba ungo. Usimhoji mbele za watu. Tembea naye, msikilize, na akitaka, msindikize Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kama ni mtoto, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mwisho, omba jambo dogo linalotekelezeka. Mimi siombi wafute mahari siku hiyo. Naomba baba, siku anapopokea posa, atamke mbele ya mshenga kwamba mali hii haitadaiwa na binti yake akirudi atapokelewa. Iandikwe karatasini, wote watie sahihi au dole gumba, nakala moja abaki nayo binti.

Mwaka jana jirani yangu alitoa binti kwa mbuzi wawili na blanketi la bibi. Alipofika kwenye lile tamko, sauti ilimkwama. Akaanza upya, akamtazama binti yake badala ya mshenga, akasema, "Mlango wangu haujafungwa." Karatasi yake tunaitunza kwenye sanduku la kikundi chetu cha hisa, lenye kufuli tatu. Mpaka sasa zimo tisa.