SOMO: Kugeuza mchezo wa jukwaani wa majibizano kuwa filamu ya wahusika wengi

Salaam wanakikundi. Hapa Bagamoyo hatuna njaa ya michezo ya jukwaani. Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, leo tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na vikundi vingi vya mtaani vina mtu aliyepita pale. Tulichopungukiwa ni filamu zinazotokana na michezo hiyo. Watu huweka kamera mbele ya jukwaa, wanarekodi majibizano ya saa nzima, kisha mtazamaji anazima dakika ya kumi na lawama zinaangukia maneno mengi.

Mimi siyalaumu maneno. Jukwaani, watu saba wakiwa sebuleni, kila mtazamaji huchagua mwenyewe amtazame nani. Huyu anamwangalia anayefoka, yule anamwangalia mama aliyekaa kimya pembeni. Kwenye filamu wewe ndiye unayemchagulia. Kwa hiyo kwa kila onyesho, yaani kipande kimoja cha mahali na wakati mmoja, uamue ni la nani, na mara nyingi utakuta ni la yule anayesikiliza.

Tutumie mfano mmoja. Nyumba ya mawe, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Baba amefariki, mkewe alimtangulia, arobaini imesomwa jana. Watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, wako sebuleni na shangazi na mjomba, wanabishana kama nyumba iuzwe. Mchezo mzima uko humo humo.

Hatua ya 1: Ruhusa

Kama mchezo si wako, pata ruhusa ya mwandishi kwa maandishi kabla hujagusa kalamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda. Kama mliutunga kikundi kizima, andikeni nani ana haki gani na wote mtie saini. Kibali cha kupiga picha kafuateni Bodi ya Filamu, na serikali ya mtaa mwiarifu mapema.

Hatua ya 2: Andika kila sentensi inafanya kazi gani

Pitia mchezo na penseli. Pembeni ya kila sentensi andika kitendo: anatisha, anabembeleza, anakwepa, anachokonoa. Utakuta sentensi nne zinafuatana na zote zinafanya kazi moja. Jukwaani zina haki ya kuwepo, maana aliyekaa nyuma kabisa hana njia nyingine ya kujua kwamba baba aliugua miaka mitatu. Kwenye filamu kitanda cha mgonjwa ambacho bado hakijatolewa chumbani kimeshasema. Bakiza sentensi moja.

Hatua ya 3: Kila aliyemo chumbani awe na lake

Hapa msiharakishe. Kwa kila mhusika, katika kila onyesho, hata asiyefungua mdomo, andika mambo matatu: anataka nini, anajua nini ambacho wenzake hawajui, na anamwogopa nani.

Katika mfano wetu, anza na mirathi yenyewe. Kwa sheria ya Kiislamu, kama marehemu hakuacha mke wala wazazi, nyumba hii inagawanywa mafungu saba: kila mtoto wa kiume mawili, kila wa kike moja. Shangazi hana kitu, kwa kuwa wapo watoto wa kiume, na mjomba, ndugu wa mke, si mrithi. Sasa mtazame shangazi. Ndiye anayepiga kelele kuliko wote nyumba isiuzwe, na hana fungu hata moja. Anataka nini? Pengine alizaliwa humo na anataka kufia humo. Hilo asiliseme kamwe. Mwigizaji akilijua, kila akigusa ukuta tutaona. Na kitindamimba aliyekaa kimya muda wote, kama tayari ameshapokea kishika uchumba kutoka kwa mnunuzi, kila neno la wenzake linamchoma yeye, na una sababu ya kumpelekea kamera dakika ishirini kabla siri haijatoka.

Mhusika asiyepata majibu kwa maswali hayo matatu, umtoe au umuunganishe na mwingine.

Hatua ya 4: Andika upya kwa macho

Jukwaani kaka mkubwa anasema: "Mimi ndiye niliyekuwa natuma hela ya dawa kila mwezi! Mimi ndiye niliyelipa hospitali! Nyinyi mlikuwa wapi? Leo nyumba isiuzwe, mtaitunza kwa kitu gani?" Anaendelea ukurasa mzima, kisha dada mkubwa anajitetea ukurasa mwingine. Kwenye filamu ningeandika hivi:

*Dada mkubwa amechuchumaa, anakusanya vikombe vya kahawa kwenye sinia. Kaka yuko nyuma yake, hatumwoni.*

KAKA: Nani alikuwa analipa dawa?

*Mkono wa dada unasimama.*

KAKA: Nauliza. Nani?

*Dada anaendelea kupanga vikombe. Kitindamimba anamtazama, kisha anainamisha macho.*

SHANGAZI: Dawa kalipa. Haya. Na aliyekuwa akimgeuza ubavu usiku?

*Kikombe kinagonga sinia. Kwa mara ya kwanza tunauona uso wa kaka.*

Kurasa mbili zimekuwa nusu ukurasa. Utetezi wa dada ameupokea shangazi kwa swali moja, na kaka tunamwona pale tu anapokosa jibu. Onyesho ni la dada, ingawa hajasema neno.

Hatua ya 5: Kutoka nje, au kubaki ndani

Wengi wakisikia filamu wanakimbilia ufukweni: jahazi, machweo, mnada wa samaki. Vizuri, lakini uliza kwanza huko nje kunatokea nini. Mwongozaji wa Marekani Sidney Lumet alipotengeneza *12 Angry Men*, filamu ya wazee wa baraza kumi na wawili wanaobishana juu ya hukumu, mwaka 1957, kutokana na mchezo wa televisheni wa Reginald Rose wa 1954, karibu filamu yote aliiacha ndani ya chumba kimoja. Kamera ilianza juu kidogo ya macho ya waigizaji, ikashuka usawa wa macho, mwishoni ikawa chini yake, na lenzi zikazidi kuwa ndefu, zile zinazovuta vya mbali karibu, hadi kuta zikaonekana zinawasogelea na dari ikaingia kwenye picha. Kwetu, toka nje pale tu watu wawili wanapohitaji kusema jambo ambalo wengine hawapaswi kusikia. Uani, au barazani mpita njia akiwasalimia katikati ya ugomvi na wote wakalazimika kujibu kwa upole.

Hatua ya 6: Mazoezi na sauti

Waigizaji wa jukwaani wamezoea kumfikia mtu wa mstari wa mwisho. Wafanyeni mazoezi wakiwa wamekaa goti kwa goti, wanasema kwa sauti ya kawaida, wakiingiliana kama ndugu wanavyoingiliana. Nyumba za mawe zina mwangwi: tandikeni mikeka, tundikeni mablanketi upande ambao kamera haiuoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Mchezo wetu una mhusika anayejisemea peke yake kurasa mbili. Tuweke sauti yake juu ya picha?

Marahaba mwanangu. Jaribuni kwanza kumpa msikilizaji asiyeweza kumjibu: mtoto aliyelala, mgonjwa, kaburi. Mkikosa kabisa, ndipo muweke sauti, na picha ioneshe jambo tofauti na anachosema.

Dada, habari. Tuko Tanga, kikundi kina kamera moja, tena ya simu. Nyuso za wanaosikiliza tunazipataje?

Nzuri kaka. Rudieni onyesho zima tangu mwanzo hadi mwisho, kila mara kamera mahali pengine: kwanza chumba kizima, kisha anayesema, kisha kila anayesikiliza. Anayesikiliza apewe maneno kwa hisia zile zile, asisomewe tu. Vuteni mstari wa kufikirika kati ya wanaobishana, kamera ibaki upande mmoja, la sivyo wataonekana wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana. Mtu mmoja kazi yake iwe kuandika tu: kikombe mkono gani, mtandio umekaaje.

Mchezo umeandikwa kwa Kiswahili sanifu kabisa. Tuubadilishe?

Badilisheni kwa kila mhusika peke yake. Shangazi wa Pwani, kaka aliyekaa Dar miaka mingi na mjomba anayenukuu aya hawasemi sawa. Waigizaji waseme onyesho kwa maneno yao, mrekodi kwa simu, mwandishi achague.

Mama, kwetu kunguru na bodaboda hawatuachi turekodi.

Pole mwanangu. Majibizano ya ndani rekodini usiku, hata kama onyesho ni la mchana: taa iwekwe nje ya dirisha na pazia jepesi mbele yake. Maonyesho yasiyo na maneno wekeni mchana. Na kabla hamjakusanya mitambo kuondoka, kila mahali rekodini dakika moja ya ukimya wa chumba, wote mkiwa mmetulia. Mhariri ataitumia kuziba kila palipokatwa.