SOMO: Kinundu chini ya ngozi, ni tegu au siyo?

Wiki hii nimetumiwa picha nne za vinundu, zote na swali moja: "Mkuu, hii ni minyoo?" Picha haitoshi. Naandika mara moja, mtakaouliza tena nitawarudisha hapa. Nazungumzia lava (mtoto) wa tegu wa nguruwe, anayetusumbua huku Mbozi, na wenzetu wa Mbulu na Njombe.

1. Papasa. Kigumu kiasi, hakiumi, kinateleza chini ya kidole. Kagua mwili mzima, hesabu.

2. Uliza kifafa, kichwa kuuma, macho kuona ukungu. Kimojawapo kikiwepo, ngozi isubiri: si-ti skani (picha ya ndani) ya kichwa na macho yakaguliwe kabla ya dawa yoyote. Lava akifia ubongoni au jichoni kwa dawa, mwili huvimba pale alipofia.

3. Altrasaundi: kifuko cheusi chenye kitone cheupe ndani. Kitone ndicho kichwa cha lava.

4. Eksirei ya mapaja: waliokufa zamani wameganda chokaa, kama punje za mchele zilizolala kufuata msuli.

5. Kukitoa. Hapa niliharibu. Mzee mmoja alikuwa na kinundu begani, nikadhani uvimbe wa mafuta, nikachoma sindano. Maji yakaruka, kifuko kikanywea, nikapangusa, nikatuma ganda maabara kwenye gozi (kitambaa cha vidonda) kavu. Majibu yakarudi "tishu ya kovu". Kichwa bila shaka kilienda na gozi niliyopangusia. Kwa hiyo USICHOME, USIMINYE. Kata pembeni kitoke kizima, kiingie papo hapo kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama ya kipimo) ya asilimia 10, ujazo mara kumi yake. Spiriti hapana. Kwenye fomu andika "nashuku lava wa tegu", ili maabara wakate vipande vingi mfululizo mpaka wakutane na kichwa: vifyonzi vinne, ndoano safu mbili.

6. Choo kipimwe, ila choo kisichoonekana mayai hakifuti lolote. Vaa glovu, mayai ya tegu yanaambukiza.

Mama Upendo: Mimi Msabato, nguruwe sijaonja. Nimepataje?
Jibu: Swali zuri, mama. Nyama yenye lava isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Vinundu hutokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye choo cha mwenye tegu: mikono ya mpishi, maji, mboga mbichi. Wa nyumbani kwako wote wapimwe.

Chogo: Nimemeza prazi (prazikwanteli, dawa ya minyoo) jana, bado kipo. Niongeze?
Jibu: Hatua ya 2. Usiongeze. Nenda hospitali.

Chogo: Nimeuliza tu, mbona mkali?
Jibu: Na mimi nimejibu tu.

Mwanafunzi wa maabara: Damu je?
Jibu: Ya antibodi (kinga ambazo mwili hutengeneza) husaidia, lakini mwenye kinundu kimoja, au vilivyoganda chokaa, anaweza kutoka hasi. Ya antijeni (chembe za lava mwenyewe) humsaka lava aliye hai.

Mndamba: Kwetu Mahenge vinundu vinakaa nyongani.
Jibu: Hapo fikiria kwanza usubi, kaka, minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi. Vinundu vyake hupenda juu ya mfupa.

Loliondo: Na uvimbe mkubwa wa maji, kwa wafugaji wenye mbwa?
Jibu: Huyo tegu wa mbwa. Sindano marufuku kabisa; ukipasuka, mgonjwa anaweza kuzimia kwa mzio na lava kusambaa.

Dada wa patholojia (maabara ya kupima nyama za mwili): Naongeza: chupa iwe ya mdomo mpana. Nyama hukakamaa kwenye formalini, kila wiki navunja chupa za dawa ya kikohozi.
Jibu: Hiyo sikuijua. Za siagi ya karanga zinafaa?
Dada wa patholojia: Zinafaa. Zioshe tu.