Geji ya joto ikidanganya, chemsha sensa kwanza

Land Rover Series III niliyoifufua ilikuwa inapanda mlima Kitonga na mshale wa joto umelala chini kana kwamba injini haijawashwa. Kabla hujanunua geji nyingine, fanya hivi: injini ikiwa imepoa, fungua sensa, yaani kile kidude kwenye injini kinachopima joto la maji na kuiambia geji (ziba tundu, maji yatamwagika), unganisha waya kutoka kwenye mwili wake hadi kwenye bodi ya gari, rudishia waya wa geji, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha tumbukiza ncha ya shaba tu kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Ngoja dakika mbili, geji za zamani ni nzito. Hapa Mbeya, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar, kwa hiyo mshale unapotulia pawekee alama ya kalamu kwenye kioo: hiyo ndiyo 94 yako.

Wangu ulipanda vizuri kabisa. Kumbe ubaya ulikuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari: fundi alizungushia nyuzi za skrubu za sensa tepu nyeupe ya mafundi bomba, tabaka tatu, ikaziba njia hiyo! Nimeibandua, kazi imeisha.

Njia hii haisaidii kama geji ya mafuta nayo inadanganya kwa pamoja. Hapo shuku kile kidude cha volti 10 nyuma ya dashibodi kinachozilisha zote mbili. Na geji za mrija mwembamba wa shaba hazina umeme, usizikate.