Diski za breki zikichakaa: lini nakukerezea, lini nakuambia kanunue

Wiki iliyopita kijana wa gereji moja hapa Ipogolo, Iringa, alikuja asubuhi na diski mbili za Prado ndani ya kiroba cha sukari. Akazibwaga juu ya benchi.

"Shikamoo fundi. Nipigie skimu hizi, gari ya mteja inatetemeka."

"Marahaba. Unatetemeka usukani au pedali?"

Hajui. Amezipima? Hajazipima. Gari lenyewe? Lipo gereji, limekaa juu ya magogo, mteja anataka kesho alfajiri awe njiani kwenda Dar. Yaani ateremke mlima wa Kitonga, wenye kona kali, na hizo hizo. Nikamwambia akae, tunywe chai kwanza.

Kazi yangu ni lezi, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikipunguza. Vijana wanaita kuskimu, wengine kuchonga, ila mzee aliyenifundisha alikuwa akisema kukereza, nami nimebaki na neno lake. Nikikereza diski yako nalipwa, nikikurudisha nazo silipwi. Kwa hiyo nikikuambia hii haifai kuwekwa kwenye mashine, ujue najinyima mwenyewe.

Kabla hujafungua nati hata moja, endesha gari. Kama linatetemeka hata usipogusa breki, hasa ukifika kilomita 90 au 100 kwa saa, anza na balansi ya matairi na uangalie rimu, diski ziache kwanza. Kama linatulia mwendo wote halafu usukani unaanza kucheza pale unapokanyaga breki, shaka iende mbele. Ukiisikia kwenye kiti na kwenye pedali, na usukani umetulia, mara nyingi ni nyuma. Na kama unasikia chuma kinasaga chuma, usiendelee na majaribio. Pedi, zile zinazobana diski, zimekwisha na kile kibati cha nyuma yake ndicho kinachokwangua diski. Kila kilomita unayoongeza inakula unene ambao ungenisaidia mimi kukuokolea hela.

Ukishafungua tairi, tafuta namba. Diski nyingi zimegongwa maandishi, ama pembeni ama kwenye kofia ya katikati: MIN TH, halafu milimita. Huo ndio unene wa mwisho. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uyaone. Kwenye Prado kama ya huyu mteja, diski ya mbele ikiwa mpya ina milimita 28 na mwisho wake ni 26. Ona basi: chuma chote kile kizito, maisha yake ni milimita mbili tu. Moja kila upande.

Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Diski iliyotumika huwa na ukingo nje kabisa, pale ambapo pedi haifiki, na ukingo huo haujalika. Ukibana vernia, kile kipimio cha taya mbili, kutokea nje unapima ukingo. Kijana wangu alipojaribu mbele yangu alisoma 27.8 akatabasamu. Nikampa sarafu mbili za shilingi 100. Zibane pamoja kwenye vernia ya dijitali, bonyeza sifuri. Sasa weka sarafu moja upande huu wa diski na nyingine upande wa pili, ndani ya ukingo, kama sentimita moja kutoka nje, ubane tena. Kinachosomeka ni unene wa diski peke yake. Akasoma 26.9. Tabasamu likaondoka.

Usipime sehemu moja ukaridhika. Zunguka sehemu nane. Ya kwanza ilikuwa inacheza kati ya 26.90 na 26.86. Mtu atasema hiyo tofauti ni nini, nywele ni nene kuliko hapo. Ndiyo, lakini mguu unaisikia. Sehemu mbili tu za mia za milimita zinatosha kuifanya pedali ipige, maana kila diski inapozunguka, pedi zinasukumwa nje na kurudi ndani. Kwa kusoma tofauti ndogo namna hiyo vernia haitoshi, mimi natumia maikromita, kipimio kinachosoma mpaka sehemu za mia za milimita. Kama huna, peleka diski kwa mwenye nayo. Kupima mimi silipishi.

Baada ya hapo ni hesabu ya dukani. Chukua pale palipo pembamba kuliko pote, toa unachotarajia kukereza pande zote mbili, uone kinachobaki juu ya MIN. Mistari myepesi na tofauti kama ile huwa nakula 0.15 hadi 0.2 kila upande. Diski yake ya kwanza: 26.86 toa 0.4 inabaki 26.46. Sheria yangu mwenyewe, wala sikuisoma kokote, ni kwamba nikimaliza lazima ibaki angalau 0.4 juu ya ile namba, kwa sababu pedi mpya nazo zitakula. Diski inayotoka kwangu ikiwa 26.1 ni halali kwa leo, ila kabla pedi hazijafika nusu itakuwa imepita mwisho. Hii ikapona, kwa shida.

Ya pili ilisoma 26.5, na ilikuwa na mtaro ambao ukipitisha ukucha unakwama. Kuufuta ule mtaro ningetoa si chini ya 0.3 upande mmoja tu. Hiyo nikaiweka chini ya benchi.

"Si ukereze kidogo tu fundi, mtaro ubaki?"

Mtaro mwembamba unaweza kubaki, wala si dhambi. Kama diski ni sawa unene na haitetemeki, mistari ya kawaida haina ubaya na pedi mpya itaikalia taratibu. Nimewarudisha watu wengi na jibu hilo. Lakini hii ilikuwa na kingine. Niliisogeza mlangoni penye mwanga, nikamwonyesha madoa ya bluu, manne, makubwa kama kifuniko cha soda. Hapo chuma kimeungua. Kikipata joto kali kinageuka kigumu kuliko majirani zake. Nikikiweka kwenye lezi kisu kinaruka juu ya doa na unasikia kabisa mlio unabadilika. Hata nikilazimisha ikatoka inang'aa, sehemu zilizo laini zitalika haraka, doa litabaki limeinuka, na baada ya muda mfupi mtetemo umerudi. Diski yenye madoa hayo nunua mpya, hata kama unene bado upo. Vivyo hivyo yenye ufa uliofika ukingoni, au ile ambayo matundu yake ya hewa katikati yameliwa na kutu mpaka kuta zimekuwa nyembamba. Za namna hiyo naletewa sana na magari yaliyokaa pwani.

Diski nyembamba ina ubaya gani? Breki inageuza mwendo kuwa joto, na joto linahitaji chuma cha kulibeba. Chuma kikipungua, joto linakimbilia kwenye kalipa, kile kifaa kinachosukuma pedi, na kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya zamani yaliyonyonya unyevu yanachemka mapema, na yakichemka pedali inazama. Fikiria hilo ukiwa kwenye kona za Kitonga na lori mbele yako.

Basi mpya. Na zinanunuliwa mbili, kulia na kushoto, kwa hiyo ile iliyopona nayo haikurudi kwenye gari. Ukifunga moja nene na moja nyembamba, gari linaweza kuja kuvuta upande ukikanyaga breki kwa nguvu. Dukani nenda na vernia yako. Za mtumba zina ukingo kama hizo unazotaka kuzitupa, pima kwa sarafu hapo hapo muuzaji akikuangalia. Mpya isiyogongwa namba ya MIN mahali popote mimi siinunui.

Sasa jambo ambalo lingemaliza nusu ya kazi zangu. Nilimfuata kijana mpaka gereji kwake. Kwenye habu, pale diski inapokalia, palikuwa na kutu imevimba kama ukoko wa wali. Diski ikikaa juu ya kutu inakaa upande, hata ikiwa imetoka dukani leo. Kwenye gari mtetemo hauonekani siku ya kwanza. Diski inagusa pedi sehemu ileile kila mzunguko, inalika hapo, na baada ya kilomita elfu chache mteja anarudi analalamika kwamba diski ni feki. Sugua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma. Upande wa ndani wa diski pia, na usugue kabla ya kuniletea, maana nikiifunga kwenye lezi juu ya kutu nitaikereza ikiwa imelala. Pini za kalipa nazo zitelezeshe kwa kidole; moja ya huyu mteja ilikuwa imeganda, ndiyo iliyoichoma ile ya madoa ya bluu.

Diski ikigoma kutoka, usiigonge kwa nyundo. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi usoni. Ingiza bolti za milimita 8, kaza hii kidogo na ile kidogo, itajisukuma yenyewe.

Kabla ya kufunga, osha diski kwa maji na sabuni, mpya ndiyo hasa, ina mafuta ya kuzuia kutu. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba, kwa spana ya mkono. Halafu zoesha pedi: fika kilomita 60 kwa saa, punguza hadi kama 15 bila kusimama, achia, rudia mara kumi hivi ukiacha zipoe katikati. Sisi tunafanyia barabara tambarare ya kuelekea Mafinga. Ule mteremko wa kutoka mjini kuja Ipogolo tunauacha mpaka mwisho.

Mteja aliondoka saa nne, si alfajiri. Alikasirika kidogo.