Mtoto anaharisha: namna ya kuchanganya ORS na wakati wa kumkimbiza kituoni

Kinachomdhuru zaidi mtoto anayeharisha ni maji na chumvi zinazomtoka. Basi anza kumrudishia hapo hapo nyumbani kwa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa, hata kama safari ya kituoni iko palepale.

Nawa mikono kwa sabuni. Pakiti za kawaida za ORS ni za lita moja. Hakikisha kwa kusoma maandishi yake. Wengi hukosea kwenye chombo. Chupa kubwa ya maji ya dukani huwa ya lita moja na nusu: ukitia pakiti moja humo, dawa inakuwa hafifu na chumvi hazirudi. Ukitia kwenye chupa ya soda ya mililita 350, inakuwa kali mno na chumvi ikimzidi mtoto anaweza kupata degedege. Chukua chupa ya nusu lita, ijaze mara mbili kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina kwenye jagi safi, kisha koroga pakiti nzima. Usiongeze sukari. Funika, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwage.

Mnyweshe kijiko cha chai kila dakika moja au mbili. Kila akiharisha, aliye chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100. Mkubwa kidogo, 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole zaidi. Shauri la kumnyima kinywaji "tumbo lipumzike" ni la hatari, hata likitoka kwa bibi tunayemheshimu. Anyonye na ale kama kawaida.

Madafu Pemba hayakosekani, lakini hayachukui nafasi ya ORS: yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Soda na juisi tamu huzidisha kuharisha, maana sukari nyingi huvuta maji matumboni.

Zinki nayo ni ya siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Kidonge kiyeyushe kijikoni kwa maji safi au maziwa ya mama. Choo kikishakuwa kigumu wengi huacha, na hapo wanapoteza faida kubwa, kwani dozi kamili humpunguzia mtoto kuharisha tena miezi miwili mitatu inayofuata. Dawa za kufunga choo usimpe.

Finya ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kisha iachie. Ikirudi polepole, au macho yamebonyea, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au choo kina damu, nenda kituoni sasa hivi. Choo chepesi kama maji ya mchele, kinachotoka mfululizo, huenda kikawa kipindupindu. Hapo kila saa ina thamani. Tiba bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 3 Machi 1965, kwa hivyo mkono mtupu usikuzuie kwenda kituo cha serikali.

Chukua kadi ya kliniki, pakiti za dawa alizokwishapewa, na idadi ya mara alizoharisha na kutapika tangu jana. Njiani endelea na kijiko. Akionekana amepungukiwa maji lakini anaweza kunywa, atanyweshwa ORS hapo kituoni kwa saa nne, mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, kisha atapimwa upya. Usiombe kuondoka mapema ukidhani mmesahauliwa: kunywesha huko ndiko matibabu yenyewe. Kabla ya kutoka, omba pakiti mbili za nyumbani.