Kabla hujaenda Xi'an: simu kwanza, viatu baadaye

Mtu akisikia Xi'an, mji wa kale wa China, akili hukimbilia askari wa udongo, zile sanamu za jeshi zilizofukuliwa ardhini. Anafungasha kofia, kamera na viatu vya kutembelea, anaona amemaliza. Mimi nilifanya hivyohivyo, na siku ya kwanza nikakwama kwenye mkokoteni wa mkate wa nyama. Nilimnyooshea muuzaji noti ya yuan 100, pesa ya China, akaniangalia kama nimempa jani la mgomba, kisha akanionyesha kibao cha QR kilichoning'inia pembeni. Sheria inamtaka apokee pesa taslimu, ila chenji hana. Mtaa ni wa kale, malipo ni ya leo.

Kwa hiyo anza na simu, tena ukiwa bado nyumbani. Pakua Alipay au WeChat, programu za Kichina za kulipia kwa simu, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, piga picha pasipoti, subiri uthibitishwe. Ukingoja hadi ufike, namba ya siri ya benki itatumwa kwenye laini ya nyumbani, na kama hukuwasha romingi hutaiona. Aliyezoea Lipa Namba hatapata taabu. Jua tu kwamba kwa kadi ya kigeni, malipo yakizidi yuan 200 kuna makato ya asilimia 3. Noti ndogondogo beba pia, za dharura.

WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kule, na wifi ya hoteli haitakuokoa. Laini ya nyumbani yenye romingi kwa kawaida hupita. Ramani tumia Amap, programu ya Kichina, na anwani ya hoteli iwe imeandikwa kwa Kichina, umwonyeshe dereva. Waeleze ndugu mapema: China nzima hufuata saa ya Beijing, saa 5 mbele yetu. Wewe ukinywa chai saa 2 asubuhi, mama yako Tanga yuko kwenye usingizi wa saa 9 usiku.

Kama simu ndiyo pochi, tiketi na ramani, basi chaji ni kila kitu. Pawabenki kanunue hukohuko: tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani za China zinakataa isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China, na ya Kariakoo huenda haina. Mitaani kuna za kukodi, lakini zinakodiwa kwa simu, kwa hiyo usisubiri izime. Soketi zao ni za pini bapa. Plagi zetu za pini tatu nene haziingii bila adapta.

Pasipoti tembea nayo. Tiketi za makumbusho ya askari wa udongo hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na siku za msongamano huisha mapema. Wakulima waliowafukua mwaka 1974 walikuwa wanachimba kisima, huko Lintong, mashariki ya mji. Ukishuka kituoni utapokewa na watu wachangamfu wanaotaka kukupeleka "njia ya mkato". Washukuru, uendelee na safari. Viza omba mapema, na ukwepe juma la kwanza la Oktoba na sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, maana China yote inakuwa barabarani.

Sasa viatu. Ukuta wa mji, uliojengwa miaka ya 1370 wakati wa utawala wa Ming, unazunguka kilomita 13.7, na juu yake ni mpana kama barabara. Baiskeli zinakodishwa hukohuko juu. Kivuli hakuna, kwa hiyo maji na kofia. Chini yako upande mmoja ni paa za vigae, upande wa pili maghorofa ya vioo. Metro, treni ya chini ya ardhi, inapita hata kwenye makutano ya Mnara wa Kengele wa mwaka 1384, na mahandaki yake yamepindishwa ili yaukwepe. Mizigo hupitishwa kwenye mashine kila kituo. Acha kisu cha matunda hotelini.

Mtaa wa Waislamu uko nyuma ya Mnara wa Ngoma. Barabara kuu ni ya watalii, mishikaki na kelele. Ingia vichochoroni, ila masikio hayatoshi, maana pikipiki za umeme huja kimya na hazisubiri. Msikiti Mkuu utaupita ukidhani ni hekalu: mapaa yamepinda na mnara hauna kuba. Ukumbi wa sala ni wa Waislamu tu. Vaa nguo za heshima. Kwa chakula, jifunze sura ya herufi mbili, 清真, ndiyo halali yenyewe.

Na uende na njaa na subira, kwa sababu ya paomo. Unaletewa bakuli tupu na mikate miwili migumu, unaimega mwenyewe kwa vidole, kipande kiwe kama punje ya choroko. Nusu saa inaisha hivyo, wenyeji wakipiga soga. Bakuli linarudi jikoni, linapikwa na mchuzi wa kondoo, linaletwa na vitunguu saumu vya achari. Mimi nilimega matonge makubwa kama ya ugali. Mpishi alichungulia bakuli, akanirudishia.